Ufundi wa Kuchagua

Watu wengi wakisikia kwamba mtandao umejaa masomo ya sayansi ya bure, hudhani kazi ya mwalimu imekwisha. Mimi, tangu nimjue mwalimu mmoja wa fizikia na kemia anayefundisha Kadutu, kwenye vilima vya Bukavu, naona kazi inaanzia hapo. Vya bure ni vingi mno, na vingi havimfai. Ustadi wake uko katika kukataa.

Hutafuta usiku, umeme ukiwepo. Mji wetu umekaa pale mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, karibu na mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, na bado umeme hukatika bila kuaga. Unite za simu zinatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo kila anachokiona hukiuliza swali moja kwanza: darasani kitafunguka bila mtandao? Video nzuri inayohitaji intaneti muda wote huiacha hapohapo. Ndivyo alivyofika kwenye PhET, simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado zilizoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Faili la simulesheni moja ni megabaiti chache tu, na likishapakuliwa hufunguka kwenye kompyuta bila mtandao. Hutumia pia Kiwix, programu inayowezesha kuibeba Wikipedia kwenye flashi, na Kolibri, inayohifadhi masomo ya Khan Academy kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa simu zilizo karibu.

Kisha lugha. Sekondari zetu hufundisha kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa ni wa Kifaransa, lakini ubishi wa wanafunzi, ule ubishi wenye faida, hutokea kwa Kiswahili. Vitabu vya OpenStax vya Chuo Kikuu cha Rice, vinavyotolewa bure tangu 2012, anavisifu sana. Huchukua humo maswali ya mazoezi na kuyatafsiri mwenyewe, kwa sababu ni vya Kiingereza. PhET ina Kifaransa na Kiswahili pia. Huzifungua zote mbili, akawaacha wanafunzi walinganishe majina ya vitu.

Kinachonifanya nimvulie kofia ni swali lake la tatu: je, somo hili linasema kweli hapa?

Karibu kila somo la bure kuhusu kuchemka linasema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ni kweli, ukiwa ufukweni mwa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kadutu iko juu zaidi ya ziwa. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, na maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 95. Mwingine angeonyesha video na kuendelea. Yeye huisimamisha pale inapotajwa 100, halafu huwasha mbabula, hubandika sufuria na kumpa mwanafunzi kipimajoto asome kwa sauti. Kipimo kinapogoma kwenye 95, wako wanaodai kipimajoto kimeharibika. Wengine husema maji hayajachemka sawasawa, wakati yanatokota mbele yao. Mwalimu hawakatizi. Wakishachoka kubishana ndipo hufungua simulesheni ya hali za maada, yenye pampu na kipima mgandamizo, wazione chembe zikigonga kuta za chombo. Mikono kwanza, skrini baadaye. Nimeona walimu wenye vifaa vizuri kuliko vyake wakigeuza mpangilio huo, na darasa likageuka watazamaji.

Ziwa lenyewe amelifanya maabara. Lina kina cha takribani mita 485, na chini yake zimeyeyuka gesi nyingi: kaboni dayoksaidi inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani kama 60. Takwimu hizo anazikuta Wikipedia, lakini haziandiki ubaoni mpaka azilinganishe na makala za watafiti zilizo wazi kwa kila msomaji. Hufungua chupa ya soda iliyotikiswa, na darasa zima huelewa kwamba uzito wa maji ya juu ndio unaozishika gesi kule chini. Hueleza pia ziwa Nyos la Kamerun, lililotema gesi mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700, na mara hiyohiyo huwaonyesha mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda, unaotoa methani ziwani na kuifanya umeme. Hataki mtoto arudi nyumbani na hofu tupu.

Kwa mawimbi, hupakua orodha ya matetemeko ya ardhi ambayo idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, huichapisha bure. Humo lipo la 3 Februari 2008, la kipimo cha 5.9, ambalo wazazi wa Bukavu wanalikumbuka. Kazi ya nyumbani ni kuwauliza.

Leseni pia huzisoma, jambo ambalo wengi hawalijali. Kila karatasi anayoipiga fotokopi ina jina la mtunzi na masharti yake chini.

Kipindi kimoja cha namna hii humla saa nyingi za usiku, na saa hizo hakuna anayemlipa. Kinachonisikitisha ni kwamba kazi hiyo yote iko kwenye flashi moja anayotembea nayo. Akihamishwa, inahama naye. Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule na kamati za wazazi: wekeni unite za kutafutia masomo kwenye bajeti ya shule, nunueni diski moja ya kuhifadhia yaliyokwisha kuchujwa, na kila mwalimu wa sayansi awe na haki ya kunakili na wajibu wa kuongeza. Nanyi ndugu zetu mlioko ughaibuni, kwenye intaneti ya haraka, pakueni Kiwix na PhET za Kifaransa na Kiswahili, na mkirudi likizo mje nazo.