Kivu Belt, Mchepuko wa Halali

Jamani, barabara! Nimeipita kwa mara ya kwanza na sioni haya kusema: Afrika Mashariki sijaona mchepuko unaoufikia huu. Najua watu wa Mombasa watanijia juu na Dongo Kundu yao, inayowafikisha pwani ya kusini bila kusubiri feri ya Likoni. Wa Arusha watataja kilomita zao 42 za kuukwepa mji. Wajidai, wana haki. Lakini hizo zinakwepa foleni ya mji mmoja au kivuko kimoja. Kivu Belt, inayotoka huku kwetu Gisenyi, Rwanda, na kuambaa na Ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi, imeikwepa Kigali yenyewe pamoja na nusu ya nchi!

Chukua ramani uone. Zamani, mtu wa Gisenyi aliyekuwa na shughuli Cyangugu, mji wa huko Rusizi, na akataka lami mwanzo mwisho, alipanda Musanze, akateremka Kigali, akashika Muhanga na Huye, kisha akaukata msitu wa Nyungwe. Karibu kilomita 400, na miji yote miwili iko kando ya ziwa moja! Njia ya ziwani ilikuwepo, ila ilikuwa ya udongo, na mvua za huku hazina masihara. Lami ikaja kipande kwa kipande, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha, mpaka vipande vikaungana mwishoni mwa miaka ya 2010. Leo safari ni kama kilomita 200 tu. Nusu kwa nusu!

Sasa tuingie barabarani. Unaiacha Gisenyi, unapita Rugerero, na ukifika Pfunda kwenye mashamba ya chai unaachana na barabara ya Musanze na kushika kusini. Hapo mlima unaanza bila hodi. Kona ya kulia, kona ya kushoto, unapanda, unashuka, ziwa linajificha nyuma ya kilima halafu linatokea upya, buluu tupu, na visiwa vyake! Na kuna raha moja ambayo wageni wa kutoka Kenya na Tanzania hawaitegemei. Rwanda gari linatembea kulia, na ukielekea kusini ziwa nalo liko kulia. Kwa hiyo upande wa maji ni wako wewe, hakuna gari linalokuja kukuzibia.

Mimi nilisimama kutazama mitaro. Cheka ukitaka, lakini barabara ya milimani huuawa na maji, na hapa mafundi wamefanya kazi ya kiume. Mtaro umejengwa kwa mawe yaliyochongwa na kupangwa moja moja, saruji imepita katikati, na mbele ya kila nyumba pamewekwa kidaraja kidogo cha zege ili mwenye mbuzi na mwenye baiskeli wavuke bila kuruka. Juu ya mtaro, ngema zimepandwa majani ya kushika udongo. Nani anakumbuka mambo hayo siku ya kuzindua barabara?

Na baiskeli ndizo wenyeji halisi wa lami hii. Utaona kijana amefunga mizigo ya ndizi, amelala juu ya usukani, anashuka kwa kasi ya kukusimamisha roho. Akifika mlimani anashuka na kusukuma, au analidandia lori kwa mkono mmoja. Dereva, mwangalie sana huyo!

Kasoro zipo. Njia ni mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na ukinasa nyuma ya lori linalopanda, subira yako itapimwa. Kama gari lako lina usukani wa kulia, huoni mbele ya hilo lori, basi mwache abiria wa mbele awe jicho lako. Kamera za mwendo, ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia, hazina rafiki. Mabasi yamefungiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo mwenye haraka hana lake. Milima nayo ni ya kuheshimiwa: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliporomosha udongo na kuufurisha mto Sebeya, na watu zaidi ya 130 wakafariki nchini, wengi wao katika mkoa huu wa magharibi. Isitoshe, Kivu Belt haikuipunguzia Gisenyi malori yanayovuka mpaka kwenda Goma, Kongo. Kwenye mteremko wa kuingia mjini, breki zao zimeshafeli si mara moja.

Pamoja na hayo yote, naipa tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya malori tu. Mvuvi, mkulima wa kahawa na mwenye hoteli wa Karongi sasa wanafika soko la Gisenyi bila kwenda kuiomba njia Kigali. Basi jaza tangi, kagua breki, ondoka alfajiri ili usikutwe na giza kwenye kona za Rutsiro, na usiipite kwa haraka. Nenda!