Kulia kwa Breki na Umaskini wa Vitenzi

Miongozo ya magari iliyofasiriwa kwa Kiswahili ina desturi ya kumwagiza dereva kwamba breki zikipiga kelele alipeleke gari kwa fundi. Sarufi ya agizo hilo haina kasoro. Hata hivyo, dereva aliye safarini, mbali na gereji, halimfai kitu, kwa kuwa hakuambiwa ni kelele ipi. Breki za dramu hutoa sauti za namna nyingi. Nyingine zaweza kungoja mpaka mwisho wa juma, na nyingine zataka gari lisimamishwe papo hapo. Mfasiri anayezikusanya zote katika "kupiga kelele" humnyima msomaji kile kile alichokifungulia kitabu.

Lawama si ya mfasiri peke yake. Orodha za istilahi tunazompa zimejaa nomino. Humo atapata jina la kila kipande cha chuma, lakini si rahisi apate namna ya kusema kipande hicho hufanya nini kinapoharibika. Na hata nomino zenyewe zataka kuchunguzwa. "Ngoma ya breki", mathalani, ni neno lililochukuliwa katika kamusi bila chombo kutazamwa. Ngoma huwambwa ngozi na kupigwa kwa nje. Chombo hiki, ambacho umbo lake la kisasa huhusishwa na Louis Renault wa Ufaransa mwaka 1902, ni bakuli la chuma lizungukalo pamoja na gurudumu, nalo husuguliwa kwa ndani. Mafundi husema dramu, wala sioni sababu ya kuwasahihisha. "Kiatu" ni jina jema. Viatu viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo hutanuka dereva anapokanyaga, vikabana ukuta wa dramu, kisha springi huvirudisha anapoachia. Taabu ipo katika lile tabaka la kusugulia lililobandikwa juu ya kiatu. Kuliita "bitana" ni kosa la wazi: bitana hufichwa ndani ya koti, ilhali tabaka hili huwekwa nje makusudi lipate kulika. Gereji husema lainingi. Mimi ningependekeza "soli", kwani kiatu kilicholika hutiwa soli mpya, na fundi angeelewa bila kufafanuliwa.

Turudi kwenye sauti, maana hapo ndipo penye hatari. Mlio mwembamba, mkali kama wa filimbi, usikikao dereva akikanyaga taratibu, hutokana na mtetemo wa haraka wa kiatu na dramu. Huenda soli imeungua kwa joto ikawa ngumu na kung'aa kama kioo, au vumbi limeshindiliwa ndani, au springi zimelegea. Huo ndio unaostahili kitenzi "kulia". Mlio kama wa bawaba kavu, usikikao hata gari likiwa limesimama, aghalabu hutoka mahali ambapo ukingo wa kiatu hutambaa juu ya bamba la nyuma lililokosa grisi. Grisi kidogo hapo huumaliza, mradi isiguse soli. Asubuhi baada ya mvua breki huweza kukoroma kwa sababu ya kutu nyepesi, ikaisha baada ya kukanyagwa mara chache. Lakini "kukwaruza" ni jambo jingine kabisa. Soli imekwisha, ribiti au chuma cha kiatu kimefika kwenye dramu, na kila mkanyago huichimba mifereji. Hapa gari haliendelei. Wala kukwaruza kusichanganywe na "kugonga", ambako hudokeza springi iliyokatika au kiatu kilichochomoka mahali pake.

Fundi mzuri huanza kwa swali: inalia ukikanyaga, au inalia ukiachia? Kwa swali hilo hubagua nusu ya sababu kabla hajachukua jeki. Sauti inayosikika pasipo kukanyaga humwelekeza kwenye springi zisizorudisha viatu, breki ya mkono iliyonasa, au bamba lililopinda likagusa dramu. Wafasiri wetu huandika "wakati wa breki", maneno ambayo hayaonyeshi mguu uko wapi. Kiswahili kina "-ki-" na "-po-", kina kukanyaga, kushikilia na kuachia. Hakuna haja ya kuunda lolote.

Kitenzi kimoja zaidi nakitaja kwa sababu chaweza kudhuru mwili. Baada ya dramu kufunguliwa, mwongozo huagiza vumbi liondolewe, na maneno yanayotumika ni "kupuliza" au "kupangusa". Kwa miaka mingi soli za breki zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake likivutwa pumzi huleta maradhi ya mapafu, saratani ikiwamo, na magari ya zamani yangali barabarani. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, wala halipanguswi kwa kitambaa kikavu. Hulowanishwa kwanza, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho hufungwa katika mfuko na kutupwa. Kwa hiyo kitenzi cha kuandikwa katika agizo hilo ni "kulowanisha", nacho kitangulie "kufuta" katika sentensi ile ile.