Historia ya kanisa letu inapita kwenye kitanda cha mgonjwa

Munajua mimi ni mtu wa mihogo na migomba, kuchambua vitabu haiko kazi yangu. Lakini nimemaliza kusoma Plaidoyer pour la vie ya daktari Denis Mukwege, kilichotoka 2016, na niko na maneno ambayo sitaki kukaa nayo peke yangu huku Nyantende.

Wengi wanakisoma kama kitabu cha vita na cha hospitali ya Panzi. Ni kweli kabisa. Mimi nilikisoma kama historia ya kanisa la Kipentekoste mu mji wa Bukavu, ile historia ambayo sijawahi kuisikia ndani ya kanisa lenyewe.

Kwa sababu munajua ginsi inasomwaka siku ya yubile. Mtu anasimama na karatasi. Mwaka 1921 wamisionari wa Uswidi na wa Norwe wanafika upande wa Uvira. Wanorwe wanaenda Kaziba, Waswidi Lemera. Kisha majina ya wachungaji, mmoja nyuma ya mwingine. Kisha mabati. Kisha hesabu ya makapela, makofi, kwaya inaimba. Mu ile historia hakuna mtu anagonjwa. Hakuna anayekufa, isipokuwa mchungaji mzee, na yeye "analala katika Bwana".

Mukwege anaanzia mahali pengine. Alizaliwa Bukavu 1955, mtoto wa mmoja kati ya wachungaji wa kwanza wa Kipentekoste Wakongomani mjini. Siku chache baada ya kuzaliwa akaugua sana: kitovu kilikatwa vibaya, uchafu ukaingia mwilini. Mama yake akambeba mpaka kwenye dispansari ya masista, na masista wakamrudisha, kwa sababu familia ilikuwa ya Waprotestanti. Misioneri mmoja mama wa Uswidi, Majken Bergman, njo aliingilia kati mpaka mtoto akapata penisilini.

(Ndugu zangu Wakatoliki, musinikasirikie. Nyantende nimezungukwa na ninyi, na mukifunga dispansari zenu leo sisi wote tutakufa.)

Ukisoma kipande hicho polepole, unaona kiko na historia kuliko karatasi yote ya yubile. Kinaonyesha kanisa letu lilianza likiwa dogo mu mji ambao serikali ya Ubelgiji ilikuwa upande wa Wakatoliki. Mpaka 1948 pesa ya serikali kwa shule ilikuwa ya misheni za Kikatoliki, za Waprotestanti hazikupata. Sasa mtu anauliza kwa nini Wapentekoste walijenga hospitali zao, Lemera, Kaziba, na baadaye Panzi. Haikuwa fahari. Walijua ginsi mtoto anaweza kurudishwa mlangoni.

Lakini kipande kilichonifanya nifunge kitabu na kutoka inje kidogo ni kingine, na ninyi munakijua, maana daktari amekisema mahali pengi. Yuko mtoto wa miaka 8, anamfuata baba yake kwenda kuombea mtoto mchanga mgonjwa. Baba anaomba, anamaliza, wanatoka. Mtoto anauliza: mimi nikigonjwa unaniombea na unanipa dawa, mbona huyu hukumupa dawa? Baba anajibu kwamba yeye siye muganga, anafanya kile anachoweza, na kazi ya dawa iko na watu wake. Mtoto akaamua: wewe utaomba, mimi nitatoa dawa.

Mimi naona lile jibu la baba ni fundisho la kanisa, kubwa sawa na fundisho la ubatizo. Mchungaji anajua mpaka wa kazi yake na haoni haya kuusema mbele ya mtoto. Kanisa la mji wa Bukavu lilikuwa na mtu wa namna hiyo kwenye mimbari, na kutoka mu jibu lake kukatoka Panzi, iliyofunguliwa 1999 chini ya CEPAC, na kutoka Panzi kukatoka Nobeli ya 2018. Lakini yubile inataja Nobeli, jibu inaliacha.

Na sisi tunalipa kwa kuliacha. Nitasema yangu. Shangazi yangu yuko na sukari. Miaka mitatu iliyopita, mu chumba kimoja cha maombi mjini (sitataja jina), aliambiwa kwamba vidonge ni alama ya mashaka. Akaviacha kwa miezi minne. Tulipomufikisha hospitali mguu wa kushoto ulikuwa umeshaharibika, wakaukata chini ya goti. Yule aliyemwambia vile alikuja kumuona, akaomba vizuri, kwa machozi hata. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi pia sikumuuliza.

Watu watasema: ile ni kosa la makanisa mapya, siyo la kwetu. Kweli, kuko tofauti. Sheria ya mwisho wa 1971 iliwaingiza Wapentekoste wa zamani ndani ya Kanisa la Kristo, njo maana mpaka leo tunahesabiana kwa namba, 5 CELPA, 8 CEPAC. Baada ya 1990, wakati Mobutu alifungua mlango wa vyama vingi, makanisa ya uamsho yakaota kila avenue kama majani baada ya mvua ya kwanza. Lakini shangazi alikulia kwetu. Alibatizwa kwetu, aliimba mu kwaya ya bamama kwetu. Kama historia tuliyomufundisha ingekuwa na ile ya mtoto na baba yake ndani, labda angekuwa na neno la kujibu siku ile.

Lemera pia. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa mu vitanda vyao, na wauguzi pamoja nao. Mukwege alikuwa daktari mkuu pale. Mu kitabu unasikia uzito wake kwenye kifua cha mtu. Kwenye yubile niliyohudhuria ilipewa sentensi moja, "wakati wa shida", kisha tukaendelea na mabati.

Sasa, kitabu nacho siyo Biblia. Kimeandikwa pamoja na Åkerlund wa Uswidi, na inaonekana msomaji anayengojewa yuko mbali: anaelezwa Bukavu iko wapi, misheni ni nini. Kwa hiyo ile kusanyiko lenyewe linabaki nyuma kama ukuta. Tunaona mchungaji, mtoto wake, misioneri, kisha daktari. Nilipomaliza nilikuwa bado nawatafuta bamama wanaotoka huku juu na ndizi mgongoni, wanauza Kadutu, na sehemu ya kumi inaingia mu mfuko wa kanisa kabla hata ya kununua chumvi. Hospitali ya kanisa ilisimama kwa msaada wa Uswidi, ndiyo. Lakini kanisa lililo nyuma ya hospitali lilikula mihogo ya mtu. Huyo naye anahitaji mwandishi, na sidhani atatoka Stockholm.

Nafanya kazi na walimaji wanaoomba mu shamba kila Septemba kabla ya kupanda. Mimi nasimama nao, navua kofia, nasema amina. Kisha nawaonyesha majani yaliyojikunja, mozaiki, na tunatupa ile miti, tunachagua safi. Hakuna hata mmoja ameniambia kwamba kuchagua mti safi ni kukosa imani. Mu shamba wanaelewa bila shida. Sijui ni nani aliwafundisha kwamba mwili uko tofauti na mhogo.

Jioni namsomea shangazi, nageuza Kifaransa mu Kiswahili, na mahali Kiswahili kinanishinda naweka Mashi. Tulifika kwenye dispansari ya masista. Alinisimamisha, akaanza kukunja kitambaa alichofunika goti.

"Ngoja," akasema. "Rudia pale mama anarudishwa."

Nikarudia.

"Na jina la ule mama mweupe?"

"Majken."

Akalijaribu mara mbili mu kinywa, halikukubali. "Basi soma," akasema, "lakini polepole."