Ukuta wa Ndani, Nyumba ya Uani

Wanaozuru Rowan Oak, nyumba ya William Faulkner katika mji mdogo wa Oxford, Mississippi, kusini mwa Marekani, huduwaa mbele ya ukuta mmoja. Hapo aliandika kwa mkono mpango wa riwaya ya A Fable (1954), siku baada ya siku ya juma. Ukuta umeishinda riwaya kwa umaarufu, wala si ajabu. Riwaya yenyewe ni nzito, haina pumzi.

Nyumba ilijengwa miaka ya 1840, zama za utumwa. Faulkner aliinunua mwaka 1930. Uani, katika kijumba, aliishi Caroline Barr, aliyezaliwa mtumwa, akamlea mwandishi utotoni. Alipofariki mwaka 1940 Faulkner alimsomea taazia katika ukumbi wa nyumba kubwa, na mwaka 1942 akaliweka jina lake katika tabaruku ya Go Down, Moses. Hicho ndicho kitabu cha kusomwa na atakaye kuijua nyumba hii. Humo mjukuu afunua daftari la ukoo, agundue kwamba babu yake alizaa na watumwa wake, akaona afadhali kuusia dola 1,000 kuliko kutamka “mwanangu”. Ujasiri huo tabaruku haina: yamsifu marehemu kwa uaminifu wake kwa ukoo wa mwandishi. Yeye alivyowaona wao, haisemi.