Chuma na Rafiki Zake Wawili

Wengi wetu tumefundishwa habari za Chuma na Susi, waliochukua maiti ya Daktari Livingstone mpaka Bagamoyo. Watoto huambiwa ya kuwa hawa walikuwa watumishi waaminifu, basi. Lakini mtu akisoma kitabu chenyewe cha safari za mwisho za Livingstone, kilichotengenezwa na Padre Horace Waller na kupigwa chapa London mwaka 1874, ataona kwamba neno utumishi halitoshi. Mna urafiki wa namna mbili humo, na kitabu hakikuupa haki yake hata mmoja.

Wa kwanza ni wa Chuma na Wikatani. Hao walikuwa watoto wa Kiyao, waliokombolewa katika minyororo ya watumwa upande wa mto Shire mwaka 1861. Walikua pamoja, mwaka 1864 wakavuka bahari katika chombo kidogo mpaka Bombay, siku 45 majini, wakasomeshwa huko na kubatizwa. Mwaka 1866 wakarudi pamoja na Livingstone kwa njia ya Ruvuma. Walipofika kwa Mponda, kusini mwa ziwa letu hili, Wikatani akapata habari za jamaa zake, akabaki. Chuma akaendelea na safari.

Nimesikia Wikatani akitajwa kuwa mfano wa mtu aliyetazama nyuma. Mimi sikubali. Mtu aliyetwaliwa utumwani angali mtoto, akisikia jina la jamaa zake, atapitaje? Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge Tanga waliondoka na wenzi wao; mmoja alirudi, mwenziwe akalowea huko. Nani aliyemwita yule aliyerudi msaliti?

Tena kuachana kwao twakusoma kwa kalamu ya Livingstone peke yake. Yeye aandika kwamba Chuma alishikilia ya kuwa Myao hamwuzi mtoto wake, na alipokumbushwa kwamba Wikatani aliuzwa na babaye mwenyewe, alikana. Mwandishi aona huo ni ujinga wa kijana. Mimi naona kijana asiyetaka baba wa rafiki yake aaibishwe mbele ya mgeni.

Urafiki wa pili si wa rika wala wa kabila. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, tena Mwislamu. Njia ndiyo iliyomfungamanisha na Chuma. Mwaka 1868 wote wawili walikataa kumfuata Livingstone kwenda Bangweulu. Baadaye aliwapokea tena, akaandika pasipo uchungu mwingi kwamba yeye naye alikuwa amechoka. Ukurasa huo naupenda kuliko sifa zote walizopewa, maana yule awezaye kukataa, kukubali kwake kuna uzito.

Basi mwaka 1873, bwana wao alipokufa kijijini kwa Chitambo, hapakuwa na mtu wa kuwaamuru. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani siku 14, wakaufunga ndani ya gome la mti. Walipofika Kwihara, Waingereza wa msafara wa Cameron waliwashauri wazike pale pale. Hawakukubali. Safari ilikuwa ya miezi tisa.

Habari hizo Livingstone hakuziandika, kwani kalamu yake ilikoma tarehe 27 Aprili. Waller alizipata vinywani mwa Chuma na Susi walipokwenda Uingereza, nazo ndizo kurasa zilizo bora katika kitabu kizima. Hata hivyo amewafunga ndani ya maneno yake mwenyewe. Hatuambiwi ni nani aliyetoa shauri gani, wala ni nani aliyekata tamaa njiani. Watu wawili wachukue maiti miezi tisa wasigombane hata siku moja? Siamini.

Kisha kitabu chafungwa mapema mno, kana kwamba maisha yao yalizikwa pamoja na bwana wao. Mwaka 1876 Chuma alikuwamo katika msafara wa Askofu Steere wa kwenda Masasi. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston akafa njiani. Thomson, aliyekuwa kijana bado, akaendelea pamoja na Chuma mpaka kichwa cha kaskazini cha ziwa letu. Mwaka ule ule Susi aliingia kazini kwa Stanley, nchi ya Kongo. Hivyo rafiki wawili, walipokuwa watu wazima, kila mmoja alikuwa na njia yake, na urafiki wa namna hiyo, usiokaa kambi moja, ndio ambao ningalipenda kuusoma. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akaitwa Daudi, akafa huko huko Unguja mwaka 1891.

Atakaye kumjua Chuma alipokuwa mtu mzima, na atafute kitabu cha Thomson cha mwaka 1881. Nacho kimeandikwa na Mzungu, lakini humo Chuma ni kiongozi wa msafara, wala si kijana wa mtu.