Hongera Mafundi Lesi wa Idrija

Idrija, mji mdogo wa milimani nchini Slovenia, ulijulikana kwanza kwa mgodi wa zebaki. Wanaume walishuka shimoni. Wake na binti zao walisuka lesi kuongezea kipato cha nyumbani. Mgodi umefungwa. Lesi ingalipo, na mafundi wake wanastahili pongezi za dhati.

Vifaa ni vichache: mto mgumu, karatasi yenye mchoro, pini, na vijiti vya mbao vilivyoviringishiwa uzi, viwiliviwili. Fundi hushika jozi mbili. Nyuzi mbili za kati hupishanishwa, kisha kila jozi husokotwa. Basi! Hatua hizo mbili, zikirudiwa kwa mpangilio tofauti, huzaa utepe unaopindapinda kama kijito. Kingo zake zinapokutana, fundi huvuta uzi kwa kulabu nyembamba na kuziunga. Mkono mwepesi usio na subira hauwezi kitu hapa.

Ninachokipenda zaidi ni shule yao. Ilifunguliwa mwaka 1876, na hadi leo watoto wanafundishwa humo. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza usukaji wa lesi wa Slovenia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo imekwenda panapostahili.