Kazi za Mikono Shuleni: Elimu au Kibarua?

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alikosoa mambo mawili kwa pamoja: shule inayomtenga mtoto na jamii yake, na imani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasisitiza kuunganisha masomo na kazi. Hata hivyo, katika utekelezaji shule nyingi zilichukua jembe zikaacha fikra. Mwanafunzi alilima shamba asiloshirikishwa kulipanga, wala hakuona hesabu ya mavuno yake. Hicho ni kibarua.

Kosa hilo limeyakumba pia masomo ya ufundi, upishi, ushonaji na sanaa. Shule ya mkoloni ilimfundisha msichana kutarizi vitambaa vya meza, na mvulana useremala, ili wapatikane mke wa karani na fundi mtiifu. Jina la somo lilibadilika kuwa sayansi kimu, baadaye stadi za kazi. Swali la msingi likabaki: tunamfundisha mtoto atatue tatizo la nani, na kwa mali ghafi ipi?

Tuitazame Dodoma. Tembe la Wagogo lina paa bapa la udongo kwa sababu mvua ni haba, na kuta nene hupunguza joto la mchana. Hilo ni somo la usanifu. Mlenda unaokaushwa kwa ajili ya kiangazi ni somo la kuhifadhi chakula. Uwele na mtama ni somo la lishe katika nchi kame. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni somo la rangi na umbo. Mwalimu anayeanza na keki, katika kijiji kisicho na tanuri, anafundisha kudharau jiko la nyumbani.

Hatusemi mtoto abaki kwenye tembe. Mvua zikizidi paa huvuja, na mchwa hula nguzo. Ndipo sayansi inapohitajika: mwanafunzi apime, achore, ajaribu, kisha atengeneze kilicho bora zaidi. Kuiga mila bila kuihoji ni kasumba sawa na kuiga ugeni.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Hatua hiyo ni sahihi, lakini ina hatari yake. Mkondo huo ukigeuzwa kuwa wa watoto wa wakulima, huku wa wakubwa wakibaki na kalamu, tutakuwa tumejenga matabaka kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo kada aliye katika kamati ya shule aulize mambo matatu. Je, mwanafunzi anashiriki kupanga kazi? Je, wavulana wanapika na wasichana wanashika randa? Na je, kazi ya mikono inapimwa kwa kitu kilichotengenezwa, au kwa karatasi tu? Majibu yakiwa hapana, shule hiyo bado haijaanza kujitegemea, hata shamba lake likiwa kubwa namna gani.